Shimo la Kukaa la Nyamasaria

Simu iliingia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mwishoni mwa Aprili 2024, mwaka ule masika yalipokuja kama mtu anayedai deni. Mwenye nyumba hakunisalimu. "Njoo ujionee. Slipa za mtoto zinaelea sebuleni." Nikamwuliza kama paa limevuja. Halijavuja. Mfereji wa jikoni? Umefungwa. Maji yamepita mlangoni? Kizingiti kikavu, na sakafu yote kavu isipokuwa pale katikati, kwenye shimo la kukaa nililowachorea mwezi wa Januari, yaani sehemu ya sebule iliyoshushwa ili watu wakae ndani yake.

Nilifika saa moja na nusu. Kilichonitisha ni kwamba maji yalikuwa safi. Maji ya mafuriko huja na matope, majani na chupa za plastiki. Haya yalikuwa yametulia kama ya kisimani, unaona hadi mistari ya saruji kati ya taili. Kabla mtu yeyote hajatia mguu nilimwagiza kijana wao azime meni swichi, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeruhusu soketi mbili za kuchajia simu kwenye ukuta wa shimo, sentimita 20 kutoka chini. Nikazamisha kipimo: sentimita 5. Sakafu ya ndani ilikuwa mita 1.8 kwa 2.4, kwa hiyo tulikuwa tunatazama lita 216 hivi, mitungi kumi na mmoja ya lita ishirini. Tukachota kwa karai hadi pakakauka. Saa sita mchana yalikuwa yamerudi, sentimita mbili na nusu, safi vilevile.

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa ya wenyewe, bila majina. Kosa kubwa lilikuwa langu, na la fundi lilikuwa dogo kuliko nilivyotaka liwe siku ile.

Nyumba iko upande wa Nyamasaria, ukitoka mjini Kisumu kuelekea Ahero. Mama ni mwalimu, baba ana vizimba vya samaki ziwani, watoto watatu. Walihamia kabla nyumba haijaisha, kama wengi wetu: paa liko juu, kuta zimepigwa plasta, slabu bado haina taili. Sebule ni mita 6 kwa 5.2. Mwalimu alinieleza shida yake kwa maneno machache ambayo sijayasahau: "Wageni wakija hapa tunakaa kama tuko kwenye foleni ya hospitali." Na kweli. Makochi saba yalikuwa yameegemea kuta pande zote, kila moja na kitambaa chake cha kufuma, stuli mbele, televisheni ikiwa mwenyekiti. Nilipima kutoka kochi hadi kochi la upande wa pili nikapata mita 4.6. Kwa umbali huo watu wanaitana, hawaongei.

Akanionyesha picha kwenye simu. Unazijua picha hizo: sakafu imeshushwa katikati ya chumba, mito imejaa pande zote, mtu kajilaza na kikombe chake, hakuna kochi hata moja. Wazo lenyewe lina umri. Msanifu Bruce Goff aliliweka katika nyumba ya Adah Robinson kule Tulsa, Oklahoma, miaka ya 1920. Lililopata jina ni la msanifu mwingine, Eero Saarinen, katika nyumba ya familia ya Miller, mjini Columbus, Indiana, iliyokamilika 1957, ambako Alexander Girard alipanga mito na vitambaa vilivyobadilishwa kwa msimu. Saarinen huyohuyo akazamisha ukumbi wa kungojea ndani ya jengo la abiria la shirika la ndege la TWA kwenye uwanja wa ndege wa New York, lililofunguliwa 1962 na sasa ni hoteli. Mwaka 1963 jarida la Time lilikuwa limeshaanza kuyafanyia mzaha mashimo haya: wageni wanatumbukia, waliokaa chini wanatazama viatu vya waliosimama, na wenye nyumba wanalazimika kuweka vizuizi ili watoto na mbwa wasidondoke. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Nikachora hata hivyo, kwa sababu mteja alikuwa na furaha na mimi nilikuwa sijawahi kujenga moja.

Nilikwenda kupima Januari. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na uwanja wa nyuma ulikuwa umepasuka nyufa ambazo kidole gumba kinaingia chote. Nikasema moyoni, pakavu hapa, hapana shida ya maji. Naomba nikae kidogo kwenye sentensi hiyo kwa sababu ndiyo kisa chenyewe. Ule ufa ulikuwa unaniambia kinyume. Udongo mweusi wa mbuga, huu mafundi wanaouita blakikotoni, hupasuka wakati wa jua kwa sababu ileile inayoufanya ufure wakati wa mvua: mfinyanzi wake una matabaka membamba yanayonyonya maji katikati na kutanuka, kisha yakikauka yanasinyaa. Penye ufa wa kidole gumba Januari, pana uvimbe wa kiasi hicho Mei. Mtoto wa Kano, hii tambarare ilipo nyumba yenyewe, anayajua haya kabla hajaanza shule. Mimi nimekulia Kakamega, kwenye udongo mwekundu unaomeza maji na kunyamaza, na siku ile nilipima kwa macho ya kwetu.

Sasa vipimo. Sakafu ya nyumba ilikuwa sentimita 30 juu ya uwanja wa nje. Shimo nililichora mita 3 kwa 3, kina sentimita 45, kwa ngazi za kushukia za sentimita 15 kila moja. Viti vya kujengwa pande tatu, upana sentimita 60 kila upande. Fanya hesabu: 45 ukitoa 30, sakafu ya shimo ilikuwa sentimita 15 chini ya uwanja. Chini yake kuna slabu ya sentimita 10 na chokaa na taili za sentimita 4, kwa hiyo tumbo la slabu lilikuwa sentimita 29 chini ya nyasi za nje. Sikuifanya hesabu hiyo Januari. Nilichora chumba nikasahau uwanja, na mchoro wa chumba peke yake hauna mvua.

Fundi alifanya kazi yake. Akakata slabu, akachimba, akatandika nailoni nzito ya geji 1000, akamwaga zege juu ya wavu wa chuma, BRC. Nailoni mpya akaipisha chini ya ile ya zamani kiganja kimoja, bila gundi. Nilimlaumu kwa hilo asubuhi ile ya maji, tena mbele ya wateja, na baadaye nikarudi kumwomba radhi. Hata angegundisha kwa mita nzima, nailoni ile imetengenezwa kuzuia unyevu unaopanda polepole kwenye zege. Maji yanayosukuma ni habari nyingine.

Kabla sijafika kwenye maji, lazima niseme kilichotokea Machi, wakati shimo lilikuwa kavu na jipya. Mvua isingekuja, huenda pangepita mwaka kabla mtu hajakubali kwamba shimo halikuwa likifanya kazi.

Watoto walilipenda. Hilo ni kweli na sitalificha. Walifanyia humo kazi za shule, walilalia mito, mdogo alilifanya mtumbwi. Jioni mume na mke walikaa humo wakaongea, na mwalimu aliniambia kwamba walikuwa wameongea zaidi wiki ile kuliko muhula mzima. Umbali wa mtu hadi mtu ulikuwa umeshuka kutoka mita 4.6 hadi mita mbili na kidogo. Hapo ndipo mahali pa kutazamana bila kuinua sauti.

Kisha ikaja zamu yao ya chama. Wanawake kumi na wanne. Kwenye mchoro nilikuwa nimeandika watu kumi na mmoja: urefu wa viti kwa ndani ni mita 6.6, gawa kwa sentimita 60. Karatasi haina magoti. Kwenye pembe, watu wawili wanagombania nafasi moja ya miguu. Walioketi kwa raha walikuwa wanane. Sita wakaletewa viti vya plastiki, wakakaa juu, kwenye ukingo. Macho ya aliyekaa shimoni yako kama sentimita 70 juu ya sakafu ya sebule. Ya aliyekaa kwenye kiti cha plastiki yako sentimita 115. Mwekahazina alikuwa chini, mwenye kitabu alikuwa juu, na mwalimu anasema mkutano ulikatika vipande viwili kabla ya sala ya kufungua.

Ndipo chakula kikaja. Nyumba za huku mgeni hanawishwi kwa kuonyeshwa sinki. Msichana huja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, anapita kwa kila mmoja, anainama kidogo, anamimina. Hebu mfikirie binti wa miaka kumi na mitatu, jagi mkono wa kulia, beseni kushoto, anashuka ngazi mbili ambazo hazioni kwa sababu ya beseni, anaingia katikati ya magoti kumi na sita. Alinawisha wanne. Kwa wa tano akajikwaa kwenye pochi, beseni likamwagikia mito. Kuanzia siku hiyo walioko shimoni walinawa jikoni, na ukishamwambia mama wa miaka sitini aende jikoni kunawa, huo ukarimu ulioujengea umeshautoa mlangoni.

Halafu mama mzazi wa mwenye nyumba. Alikuja kutwa, kwa maombi, na fimbo yake. Akasimama ukingoni, akatazama chini kwa muda ambao mimi, niliyealikwa kuja kuonyeshwa kazi yangu, niliuona mrefu.

"Mwanangu, hili shimo mmemchimbia nani?"

"Ni mahali pa kukaa, Mama."

"Nimekaa miaka sabini bila kuchimba."

Watu wakacheka, naye hakucheka. Shimo la pembe nne lenye kingo zilizonyooka, ndani ya nyumba, kwa mtu wa umri wake aliyesindikiza wengi, lina jina moja tu. Pia magoti. Ngazi nilizochora zilikuwa sawa kwa kipimo, lakini hazikuwa na pa kushika, na kiti chenyewe pamoja na sponji kilikuwa sentimita 37 tu. Kushuka angeshuka, kuinuka ndiko kungehitaji vijana wawili. Wakamletea kiti cha kawaida, wakakiweka karibu na televisheni, na maombi yote yakafanywa na watu waliogeuza shingo.

Kuna na mgongo, jambo ambalo picha hazikuambii. Shimo la sentimita 45 lenye kiti cha 37 linakuachia sentimita 8 za kuegemea. Mito ya nyuma haikuwa na ukuta wa kuishika. Ikawa inateleza na kulala kwenye sakafu ya juu kana kwamba iliyochoka ni yenyewe. Ili mtu aegemee kweli unahitaji kushuka sentimita 75 hadi 80, na kule Nyamasaria sentimita 80 ni kuchimba kisima. Kwa hiyo nilikuwa nimechora kitu cha katikati, kilicho kirefu mno kwa ardhi na kifupi mno kwa mgongo.

Na mbu. Kisumu usiku hewa ni nzito, na chini ya usawa wa sakafu upepo wa dirishani haufiki. Mbu wa malaria wanapenda kuuma chini, kwenye vifundo vya miguu ya aliyekaa. Shimoni walimkuta kila mtu na vifundo vyake vyote viwili, gizani, mahali pamoja.

Turudi kwenye maji. Siku tatu baada ya simu ile nilikwenda na sururu, nikachimba kishimo cha mtihani nje ya ukuta wa sebule, mahali ambapo maji yalikuwa hayajatuama. Nusu mita. Kikajaa polepole hadi karibu na nyasi, kikatulia. Hapo nikaelewa, na kwa wanaojenga huku naomba mnisikilize kwa makini.

Tunapojenga kwenye blakikotoni tunaiondoa. Tunachimba hadi tupate udongo mgumu, kisha ndani ya kuta za msingi tunajaza mawe, ndiyo hadikoo, na juu yake muramu, nailoni, slabu. Ni sawa kabisa. Lakini tazama tulichotengeneza: beseni la mfinyanzi lililojazwa mawe. Mfinyanzi ukishalowa hauachii maji yapite. Mawe yana mianya. Maji yakipata njia ya kuingia kwenye beseni, hayana njia ya kutoka. Siku zote yanakaa humo chini bila mtu kujua, kwa sababu slabu iko juu yake sana. Shimo langu lilikuwa tundu nililotoboa hadi ndani ya beseni.

Yaliingilia wapi? Paani. Nyumba haikuwa na gata, mifereji ya kukinga maji ya paa. Zilikuwa kwenye bajeti ya mwakani. Paa lile ni la mita za mraba 120 hivi. Mvua ya milimita 50, ambayo masika yale haikuwa mvua ya kusimulia, ni lita 6,000 zinazomwagika kando ya kuta, juu ya mtaro wa msingi uliofukiwa kwa udongo uliolegea. Milima ya Nandi tunailaumu bure, ziwa tunalilaumu bure. Sehemu kubwa ya maji yale, naamini, yalikuwa yametua juu ya paa lao wenyewe.

Na nguvu yake si ya mzaha. Maji yakisimama usawa wa nyasi, tumbo la slabu ya shimo likiwa sentimita 29 chini yake, kila mita ya mraba inasukumwa juu kwa uzito wa kilo 290. Slabu yenyewe pamoja na taili ina uzito wa kilo 330 hivi. Shimo lilibakiwa na kilo 40 tu kabla halijaanza kuelea kama mtumbwi, sawasawa na alivyosema mtoto. Hapo sijaongeza udongo wenyewe ukifura, ambao husukuma kuliko maji. Ufa mwembamba ulikuwa tayari umepita kiti cha kushoto kwenda pembeni, mshazari, kama ufa wa udongo unavyopenda kwenda. Maji hayakuhitaji kuvunja chochote. Yalitafuta kiungo cha nailoni mbili, yakapita.

Tulikaa mezani, si shimoni, tukapima njia.

Mume alitaka pampu. Kisima kidogo pembeni, pampu ya kujiwasha. Nikamwuliza stima hupotea lini hapa. Akanyamaza, kwa sababu hupotea usiku wa radi, ndio usiku wa pampu.

Fundi alipendekeza mtaro wa mawe kuzunguka nyumba, wenye bomba la matundu. Ni dawa nzuri ikiwa kuna pa kumwaga. Tukapima usawa kwa mpira wa maji kutoka ukutani hadi mfereji wa barabara: chini ya mfereji kulikuwa sentimita 20 tu chini ya uwanja wao. Tumbo la slabu ya shimo lilikuwa chini kuliko mfereji. Mtaro ungeyaleta maji ya barabara sebuleni, tena kwa bomba.

Kuna zege la kuzuia maji, tabaka la lami, zege la pili juu yake. Linawezekana, matangi hujengwa hivyo. Lakini ungeliongeza uzito na unene chini, yaani kuchimba zaidi, ndani ya nyumba wanayoishi, kwa ajili ya kiti ambacho mama mzazi hataki kukikalia. Hilo la mwisho ndilo lililoamua, wala si gharama.

Nikawauliza mlipenda nini hasa. Mwalimu akafikiri, akasema: kukaa chini, na kukaa karibu. Hakusema kuzama. Ndipo nikachora upya kwenye mgongo wa risiti, na safari hii nikaanza na uwanja: mstari wa nyasi, mstari wa sakafu sentimita 30 juu yake, na chini ya sakafu hiyo hakuna kitu kitakachoguswa. Kama shimo ni tofauti ya usawa mbili, basi tunaweza kuipata kwa kuinua. Watu wa pwani wana baraza la mawe tangu zamani, na nyumba za udongo za huku zina agola, kile kibaraza cha chini ya upenu ambapo watu huegemea ukuta jioni. Tulikuwa tumekwenda hadi Indiana kutafuta kitu kilichokuwa mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulivunja viti, tukang'oa taili za shimo na kulijaza muramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likipigwa hadi likatae mwiko, tukatoboa kingo za slabu ya zamani na kupachika nondo za kuunganisha, nailoni safari hii ikagundishwa, zege likamwagwa. Soketi zikahamishwa. Gata zikafungwa wiki hiyohiyo, na maji ya paa yakaelekezwa kwenye tangi, yakizidi yapite mbali na kuta.

Kisha sehemu ya sebule iliyo mbali na mlango ikainuliwa kwa jukwaa la mbao, sipresi iliyotiwa dawa ya mchwa, sentimita 30 kwenda juu. Nilichagua mbao kwa sababu ya wepesi. Kujaza muramu wa kimo kile kungeongeza nusu tani na zaidi kwa kila mita ya mraba, juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa imetuonyesha tabia yake. Jukwaa lina kina cha mita 3.6, na katikati yake tumeacha uwazi wa mita 2.6 kwa 2.6, wazi upande wa mlango. Huo ndio "shimo" sasa. Sakafu yake ni sakafu ya nyumba. Unaingia kutoka mlangoni bila kupanda wala kushuka, na jukwaa linakuzunguka pande tatu kama kiti: sentimita 30 za mbao, 12 za sponji nzito. Nyuma ya kila kiti kuna ubao wa kuegemea, na nyuma ya ubao pamebaki nafasi ya vitabu, maua, na mtoto anayetaka kulala kifudifudi.

Kona moja, ya kulia, niliifupisha. Viti vingine vina kina cha sentimita 65, vizuri kwa kujilaza, vibaya kwa kuinuka. Pale ni 50, na kuna nguzo ya mti ya kushika. Hatukutangaza ni ya nani.

Chama kilirudi Septemba. Wakakaa kumi kwenye jukwaa, na viti vinne vya plastiki vikawekwa kwenye upande ulio wazi, kufunga duara. Kiti cha plastiki kina sentimita 43, jukwaa na sponji 42. Macho yote yakawa usawa mmoja. Binti akaingia na jagi na beseni kwa miguu yake, bila kutazama chini.

Si kwamba hapana kasoro. Kutoka jukwaani kizingiti cha dirisha ni sentimita 60 tu, na kama si grili mtoto angeweza kutoka nje. Nyumba isiyo na grili isifanye hivi. Dari la mita 2.7 limebaki 2.4 juu ya jukwaa, na mume, ambaye ni mrefu, anasema anajisikia mkubwa. Usiku wa kwanza panya alikuwa ameshahamia chini ya mbao, tukarudi kupiga wavu. Kufagia ni kazi zaidi. Na bado Riat, juu kwenye mwamba, au Nakuru, ambako udongo wa majivu ya volkano unapitisha maji haraka, ningeweza kumshauri mtu tofauti, ingawa kule Nakuru ningemwuliza kwanza kuhusu udongo kutitia ukilowa. Kano sichimbi.

Taili tulizozibia shimo hazikulingana na za zamani. Duka halikuwa na rangi ileile, kwa hiyo katikati ya sebule kuna mraba ulioiva kidogo kuliko wenzake. Mwalimu ameufunika kwa mkeka wa mafunjo alionunua kwa wachuuzi wa kando ya ziwa. Mama mzazi huja siku za maombi, anakwenda moja kwa moja kwenye kona yake. Lakini kabla hajaketi, anatumia ncha ya fimbo kuinua pembe ya mkeka, anatazama, anaurudisha.